Tunachagua Seksio na Macho ya Wengine



Siku moja nyuma ya sala ya asubuhi, wadogo wetu wa kalasi ya nane waliulizwa: nani anataka seksio gani mwaka unaokuja? Mikono ikapanda. Karibu wote: biochimie. Sisi wakubwa tuliosimama nyuma tukaanza kucheka, kisha tukanyamaza, sababu sisi wenyewe tulifanya vilevile. Kwa mapumziko tukauliza mmoja wao kwa nini. Akajibu: "Bote banaenda kule, miye nitabakia na nani?" Mwingine akasema baba yake njo alichagua. Hata mmoja hakusema: nilijaribu kitu fulani, nikaona ninakiweza.

Tunawaza kwamba ugonjwa ni huu. Tunataka kujijua kwa kukaa ku kiti na kuwaza, ao kwa kuangalia jirani. Lakini mtu atajuaje mkono wake unaweza nini kama hajautia kazini?

Tuangalie mtu mmoja wa mji wetu. Mwaka 1946, wakati Lubumbashi iliitwa Elisabethville, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua hapa nyumba ya kuchora iliyojulikana kwa jina la Hangar. Bela, mtu wa kabila la Sara, kutoka mbali upande wa Chad, alikuwa mtumishi wake. Hakuna mtu aliyemwita Bela mchoraji, wala yeye hakuja Katanga kwa kutafuta kazi hiyo. Lakini rangi zilikuwa karibu, akajaribu. Na alipojaribu, akaona burashi si yake: akaanza kupaka rangi kwa ncha za vidole vyake, alama moja moja, mpaka samaki na nyama za pori zikatokea.

Mle Hangar walikuwa vilevile Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Mwalimu hakuwapa picha za Ulaya wakopie. Pilipili akafuata ndege, nyoka na samaki. Mwenze akajaza picha zake na mistari mifupi mifupi kama mkeka. Hangar moja, mwalimu mmoja, na picha zao huwezi kuzichanganya. (Tunajua kwamba ulikuwa wakati wa ukoloni na mzungu njo alikuwa mukubwa pale. Lakini vidole vilikuwa vya Bela.) Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954; picha ziliendelea na safari yao, na mwaka 2015 za hao watatu zilionyeshwa Paris, ku Fondation Cartier.

Kisha kuna Tshibumba Kanda Matulu, ambaye miaka ya 1970 alichora historia ya inchi yetu, picha karibu 100 kwa mfululizo. Watu walimwona mchoraji wa kuuza picha kwa nyumba za watu. Yeye alijiita mwana-historia. Hakungojea mtu amupe jina lile.

Sasa kwetu. Mmoja wetu sisi tunaoandika, jina tunaliacha, anatetemeka kila mara mwalimu anapomuuliza neno kwa Kifaransa. Mwaka jana mwenzake alipatwa na malaria siku mbili mbele ya mchezo wa téâtre, wakamuvalisha yeye koti la muzee. Hakutetemeka hata kidogo! Alijifunza kwamba haogopi watu, anaogopa kukosea kwa jina lake mwenyewe. Toka pale anajibu mu kalasi, kwa shida, lakini anajibu.

Mara ingine jibu si tamu. Tulilima lengalenga nyuma ya kalasi, tukasema tutauza, tutakuwa na franga. Ikakauka. Tulisema udongo ni mubaya, kumbe sisi njo hatukumwangia maji kila siku wakati wa kiangazi. Basi tumejua: wawili kati yetu hawana uvumilivu wa bustani. Ile nayo ni kujijua, na ilitugharimu mbegu tu, haikutugharimu miaka minne.

Mwalimu mmoja alituambia: "Egzame ya Leta haitauliza mambo ya téâtre." Ni kweli, na wazazi wanalipa minerval kwa jasho. Lakini ni kwa sababu ya jasho lile tunasema. Tunamjua kaka mmoja aliyefuata rafiki zake mu biochimie. Akarudilia kalasi, akahama seksio, akaanza tena chini. Mama yake alilipa mara mbili kwa kitu ambacho juma moja tu lingemuonyesha.

Tunaomba basi wakubwa wa masomo: mbele ya kuchagua, wadogo wa kalasi ya nane wakae juma moja mu kila seksio, wasikilize, washike vitu kwa mikono, wakosee bila kupewa points. Na sisi wengine tupewe saa moja ya Posho alasiri kwa kujaribu kitu ambacho hatujafanya bado: korale, dessin, kushona, hata kupika kwa wavulana. Kama mutatucheka, mucheke, lakini mukuje.

Kuko karatasi ku mulango wa kalasi ya tano, kalamu imefungwa na kamba. Sisi tumekwisha kuandika majina yetu. Yule wa koti la muzee ameingia korale, na mpaka leo anaimba vibaya.