Mchujo Uanze na Vyuo, Siyo na Sisi

Makamanda, kuna hoja inarudi rudi kwenye korido za vyuo na kwenye magrupu ya WhatsApp: eti dawa ya watu kufeli Law School ni kuweka mtihani mmoja wa kuingilia. Kila mwenye digrii ya sheria aufanye, anayeshindwa abaki nje. Wengi wanaipigia makofi, hata baadhi yetu. Mimi naipinga. Nasoma sheria, kwa hiyo mlango unaozungumzwa ni wangu pia. Maslahi yangu nimeyataja, sasa nisikilizeni.

Tukumbushane ilikoanzia. Oktoba 2022 nchi nzima iliona matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile sote tunaiita Law School. Waliofanya mtihani 633. Waliopita moja kwa moja 26. Waliotakiwa kurudia 342. Waliokatishwa masomo 265. Kelele zikapigwa, Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Tangu hapo neno "mchujo" halijawatoka watu mdomoni.

Watu 607 kati ya 633 wakikwama, hapo usiniambie habari ya uvivu wa mtu mmoja mmoja. Ama vyuo vimewafundisha vibaya, ama Law School inafundisha au inasahihisha vibaya, ama vyote viwili. Mtihani wa mlangoni unarekebisha lipi kati ya hayo? Hamna. Unawahamisha tu waliofeli kutoka ndani ya geti kwenda nje, ambako hakuna anayewahesabu. Mwaka unaofuata waziri atasimama bungeni atuambie ufaulu umepanda. Tunazijua shule zinazozuia wanafunzi dhaifu wasifanye mtihani wa taifa ili zionekane zinaongoza mkoa. Huu ni mchezo ule ule, umevalishwa suti.

Halafu tuulizane, huyu kijana mwenye digrii isiyotosha aliipata wapi? Chuo kilipewa kibali na TCU. Vigezo vya udahili viliwekwa na TCU. Bodi ya Mikopo ikamkopesha. Mama yake akauza alichonacho kumalizia ada. Akavishwa joho, akatunukiwa, watu wakapiga vigelegele. Baada ya miaka yote hiyo ndiyo unamwambia mlangoni kwamba digrii yake haina uzito? Kama haina uzito, nani alimruhusu muuzaji afungue duka? Na deni halina mchujo. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2016, ukipata ajira yoyote unakatwa asilimia 15 ya mshahara, uwe umekuwa wakili au unauza vocha dukani kwa mtu.

Mlango wenyewe ni mmoja. Law School ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na bila kupita pale huwi wakili. Ukifungiwa pale hamna wa pili wa kubisha hodi.

Anayedhani natisha watu aangalie Ghana, maana mfumo wao ulikuwa unafanana na wetu: vyuo vingi vilitoa digrii, shule moja ilitoa mafunzo ya uwakili, katikati kulikuwa na mtihani wa kuingilia. Juni 2017 Mahakama ya Juu ya Ghana ilisema mtihani ule na usaili wake vinakiuka Katiba, kwa sababu havikuwa na msingi katika kanuni zilizokuwepo. Kanuni mpya zikatungwa 2018, mtihani ukaendelea. Mwaka 2019 walipita 128 kati ya 1,820. Mwaka 2021 walipita 790 kati ya 2,824, na hapo ndipo vijana 499 walipogundua kwamba wamepata asilimia 50 iliyozoeleka lakini wamekataliwa, maana sasa ilitakiwa asilimia 50 katika kila sehemu ya mtihani. Bunge likapitisha azimio wapokelewe. Mwanasheria Mkuu akajibu kwamba azimio la Bunge halina nguvu hiyo. Mwenye ufunguo wa mlango mmoja anaweza kusogeza kizingiti anavyotaka, na wewe huna pa kwenda.

Watatuletea mfano wa India. Sawa, tuuseme wote. Tangu 2008 vyuo vikuu vingi vya sheria vya kitaifa kule vina mtihani mmoja, CLAT. Ila unafanywa baada ya sekondari, kabla hujaanza digrii. Ukishindwa umepoteza ada ya fomu na muda wa kujiandaa, unageukia kozi nyingine. Hata huo unalalamikiwa: upo kwa Kiingereza tu, na mwenye hela ya tuisheni anatangulia. Je, sisi, ambao Bunge letu lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama mwaka 2021, mtihani wetu wa mchujo ungekuwa kwa lugha gani? Mnajua jibu.

Najua swali linalokuja: "Kwa hiyo mnataka mawakili vilaza?" Neno hilo tunalikumbuka. Mwaka 2016 zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu walitimuliwa UDOM, kisha Rais akawaita vilaza. Programu ilikuwa ya serikali, barua za udahili zilikuwa za serikali, matusi wakala watoto. Sitaki wakili mbovu amtetee mama yangu kwenye kesi ya shamba. Ndiyo maana nataka ubovu ukamatwe unakotengenezwa.

Kwa hiyo madai yetu yawe haya. Kwanza, matokeo ya Law School yatangazwe kwa kila chuo, hadharani, kila mwaka. Pili, chuo ambacho wahitimu wake wanaanguka mfululizo kisimamishwe kudahili sheria hadi kijirekebishe. Tatu, anayefeli apate usahihishaji upya unaofanywa na mtu asiye wa Law School. Nne, mafunzo yafike Mwanza, Arusha na Mbeya, siyo kila mtu apange chumba Dar es Salaam. Na kama lazima kuwe na mtihani wa pamoja, uwekwe kabla ya digrii, kwa Kiswahili na Kiingereza.

Unasoma sheria? Nenda kwa mkuu wa kitivo chako wiki hii, muulize: wahitimu wetu wangapi walipita Law School mara ya kwanza? Akikosa jibu, andika jina la chuo na tarehe, utuletee. Tutaanza kuhesabu wenyewe.