Kinga bila kinga: mwendesha velo wa mashariki anunue nini kwanza?

Kisangani, jua linazama karibu saa kumi na mbili na dakika ishirini za magharibi, mwaka mzima, bila kubadilika sana. Goma na Bukavu giza linatangulia kidogo. Na ni saa ile ile njo velo zinajaa barabarani. Wale wa makala wanaingia mji kwa barabara ya Buta na ya Lubutu, gunia mbili ao tatu nyuma. Toleka wanatafuta mteja wa mwisho. Wamama waliouza sokoni wanarudi nyumbani wakikaa kwenye portbagaje. Karibu wote hawana taa, na wengi wamevaa koti nyeusi ao shati iliyokwisha kugeuka rangi ya vumbi.

Picha hiyo si ya Kisangani peke yake. Kindu, Bunia, tambarare ya Ruzizi kati ya Uvira na Kamanyola, vijiji vya kandokando ya Butembo: kila fasi ambako motari ni ghali ao njia ni mbaya, kinga njo inabeba unga, mafuta ya mawese, ndizi, mgonjwa na mwanafunzi. Pikipiki zimechukua wateja wengi wa toleka katikati ya miji, lakini mizigo na safari za pembeni zimebaki kwa velo. Ripoti ya OMS ya mwaka 2023 inasema ajali za barabarani zinaua watu milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwa kila 100 wanaokufa, 6 ni waendesha velo. Kwa hiyo swali la vifaa na mavazi si swali la mchezo wala la watu wa mbio za baiskeli. Ni swali la mtu ambaye ana feza kidogo sana na anataka kujua aanze na kitu gani.

Sheria iko. Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya usafiri wa barabarani, ambao nchi yetu ilijiunga nao mu 1977 wakati wa Zaïre, unaomba velo iwe na freni inayofanya kazi, kengele, kitu chekundu cha kurudisha mwanga nyuma, na taa mbele na nyuma. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Agosti 1978, nchi ilipata kode yake ya barabara, sheria namba 78-022, na ndiyo inatumika hadi leo. Lakini anayesimamishwa na velo njiani anaulizwaka plaque na jeton ya kodi. Kuulizwa taa ni jambo la nadra sana.

Basi mwenye feza ya kitu kimoja tu afanye nini? Wengi wananunua torshi ya mbele, kwa sababu inawasaidia kuona mashimo. Ni sawa. Lakini kuona shimo na kuonekana na dereva ni mambo mawili tofauti, na lile la pili njo linaua.

Tupige hesabu. Lori linalokimbia kilometa 60 kwa saa linapita karibu metre 17 kwa kila sekunde. Kwa taa za chini, mtu aliyevaa nguo nyeusi anaonekana labda metre 30 mbele, wakati mwingine chini ya hapo. Hiyo ni chini ya sekunde mbili. Dereva mzuri, mwenye gari ndogo na freni nzuri, kwenye lami kavu, anahitaji karibu metre 40 ili asimame. Lori lililojaa, kwenye udongo wenye maji, linahitaji zaidi sana. Maana yake dereva anaweza kuwa mzima, hajalewa, hajalala, na bado akamgonga mwenye velo. Wakaaji wakikusanyika kisha wanasema dereva alikuwa anakimbia. Mara nyingi ni kweli. Lakini mara nyingine hakuona kitu.

Koti nyeupe inasaidia kuliko nyeusi. Mu mabalo ya chagua, ile rangi nyepesi inauzwaka bei moja na nyeusi, kwa hiyo hapo hakuna sababu ya kukataa. Watu wanaikataa juu ya uchafu, na mbeba makala ana haki ya kucheka shauri hilo. Kwake yeye, na kwa wote, kitu kinachofanya kazi zaidi ni ukanda wa kurudisha mwanga, ule wa kijivu unaowaka taa ikiupiga, ao ule mwekundu na mweupe unaobandikwa kwenye malori. Na fasi ya kuuweka si kifuani. Ni mguuni.

Jambo hilo lilipimwa. Watafiti wa Queensland University of Technology, Australia, walitoa mu 2012 matokeo ya jaribio la usiku: madereva walipita barabara ya majaribio, na kando yake kulikuwa waendesha velo waliovaa nguo tofauti. Wa nguo nyeusi walitambuliwa mara 2 kwa 100. Wa jile ya rangi kali isiyo na ukanda wa mwanga, mara 15. Wa jile yenye ukanda, mara 50. Wale walioongeza ukanda kwenye vifundo vya miguu na magoti, mara 90. Sababu ni rahisi: mguu unaokanyaga pedale unapanda na kushuka, na jicho la dereva linatambua mara moja kwamba huyu ni mtu, si jiwe wala nguzo.

Hapa kuna bahati kwa mtu wa feza kidogo. Mwenye velo tayari anafungaka suruali na kipande cha mpira wa ndani ili shene isiikamate. Akibandika ao akishona ukanda wa mwanga juu ya mpira ule ule, kitu kimoja kinafanya kazi mbili. Sentimetre chache kwa kila mguu zinatosha. Mbeba makala anaweza kuufuta kwa kitambaa jioni kabla ya kuingia lami, juu ukanda uliofunikwa na vumbi hauwaki.

Jile nazo zidanganye watu kidogo tu. Zile za rangi ya limau ao machungwa zinazoonekana mbali muchana zinapata nguvu yao kwa jua. Usiku rangi hiyo inakufa. Kinachobaki ni ukanda wa kijivu, na kwenye jile nyingi za zamani, zilizofuliwa mara mia na zenye jina la mradi uliokwisha zamani, ukanda huo umechoka. Namna ya kupima haiombi fundi: usiku, mtundike jile kwenye mti, usimame hatua 30 mbali, weka torshi karibu na jicho lako na kuielekeza pale. Ikiwaka kama jicho la paka, iko mzima. Ikibaki kijivu, ni nguo ya kawaida.

Kwa upande wa mashariki kuna hatari moja ambayo vitabu vya Ulaya havizungumzie. Sisi tunaendesha kuume. Lakini malori mengi yanayoingia kwa Kasindi, Bunagana ao Mahagi, na gari nyingi ndogo zilizopitia Mombasa na Dar es Salaam, usukani wao uko kuume vilevile, kwa kuwa zilitengenezwa kwa nchi za kuendesha kushoto. Dereva huyo, akiwa nyuma ya lori lingine na anataka kulipita, haoni kinachokuja mbele mpaka gari yake nusu nzima iko katikati ya njia. Mwenye velo anayekuja kwa upande wa pili anakutana naye ghafla. Njo maana torshi ya mbele isizimwe kwa kubana piles kwenye barabara kuu, hata kama mwezi unaangaza na njia inaonekana vizuri.

Lakini kuna neno ambalo waendesha velo wanalisema chini kwa chini, na haifai kulipita. Kuonekana si usalama kila fasi. Mu 2017, kituo cha utafiti cha Ubelgiji IPIS kilihesabu karibu vizuizi 800 vya barabara katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, na hali haijakuwa nyepesi tangu hapo. Mtu anayesukuma mzigo akijua kuna watu wenye silaha mbele, hatawasha taa ili waanze kumhesabia toka mbali. Ana sababu. Kumwambia tu anunue taa ni kuzungumza kama mtu asiyejua njia hizo. Ukanda wa mguuni una faida hapa: hauwaki peke yake, na unatolewa kwa sekunde moja. Hata hivyo, penye amri ya kutotembea usiku ao penye milio ya risasi, hakuna nguo itakayofanya kazi ya kulala kijijini na kuondoka asubuhi. Hasara ya soko la siku moja ni kubwa, lakini inahesabika.

Tuje kwenye freni. Velo nyingi kubwa za kazi, zile nyeusi za Uchina na India, zinasimama kwa fimbo za chuma zinazovuta mpira kwenye janti ya chuma inayong’aa. Kavu, zinafanya kazi. Mvua ikinyesha, maji yanabaki kwenye chuma laini na mpira unateleza, mpaka mtu anabana na velo inaendelea kama hakuna kitu. Anayejua anaanza kubana kidogo kidogo mbele ya mteremko, ili mpira upanguse janti, kisha anabana kweli. Na mpira uliokuwa mgumu kama kwato ubadilishwe. Ni kipande kidogo kuliko vyote kwa fundi, na njo ambacho watu wanakichelewesha kuliko vyote.

Freni ikikataa, wengi wanasimamisha gurudumu la mbele kwa mguu, na mguu huo uko mu kambambili. Kambambili inatoka, na vidole vinaingia kwenye marayo. Sandali za mpira wa gari, zenye mkanda nyuma ya kisigino, ni bora kuliko kiatu kizuri cha chagua chenye soli laini: hazitoki, na maji yanapita. Wa chukudu wa Goma walielewa jambo hili zamani. Kwenye chukudu nyingi, kipande cha pneu ya kale kimefungwa juu ya gurudumu la nyuma, mguu unakikanyaga, na mzigo wa mboga unateremka toka Kibumba bila mtu kupoteza vidole.

Mvua inataka koti fupi. Lile refu, ao bashi iliyofungwa shingoni kama kanzu, linaingia gurudumuni kwenye upepo. Bashi ni ya mzigo.

Kisha yule anayesahauliwa kila mara: abiria. Mama akikaa upande, ncha ya kikwembe inaninginia karibu na gurudumu. Mtoto akibebwa nyuma na kuanza kusinzia, miguu inajifunga yenyewe ndani na kisigino kinaingia kwenye marayo. Madaktari wanaijua sana ajali hii, na wanaiogopa kwa sababu inadanganya: siku ya kwanza inaonekana kama mchubuko, kisha baada ya siku chache ngozi ya kisigino inageuka nyeusi na kufa. Mtoto aliyeumia hivyo apelekwe kituo cha afya siku ile ile, hata akitembea. Kuzuia hakuhitaji duka. Bidon ya njano ya lita 20 ikikatwa, inatoa vipande viwili vinavyofunika pande zote mbili za gurudumu la nyuma, vikifungwa kwa nyaya. Vyuma viwili vya kukanyagia miguu, kila fundi wa kuchomea anaweza kuvifanya. Toleka mwenye mto mzuri kwenye portbagaje lakini hana fasi ya mteja kuweka miguu amepamba upande usiofaa.

Kaski? Ile ya velo ni nzuri kwa kichwa, na anayeipata mu chagua bila ufa aichukue. Ile ya pikipiki ni nzito na moto kwa mtu anayekanyaga pedale, ataivua kabla ya kufika mteremko wa kwanza. Isiwe kitu cha kwanza kuombwa kwa mtu ambaye hana hata mpira wa freni.

Inabaki kujua wakubwa wanafanya nini. Jibu la haraka mu ukanda huu ni kufukuza. Machi 2022, Bujumbura ilitoa velo za kubeba watu, pikipiki na tuk-tuk katikati ya jiji. Barabara zikapata nafasi, na walioishi kwa kazi hiyo wakatafuta pengine. Miji yetu imejaribiwa kufanya vile vile mara nyingi.

Lakini komini na sheferi zina chombo ambacho tayari kiko mikononi mwao. Fasi nyingi, mwenye velo analipaka kodi na kupewa plaque, kipande cha bati chenye namba kinachofungwa nyuma. Bati hilo halimsaidii kitu isipokuwa kwenye kizuizi. Kama lingefunikwa na karatasi nyekundu ya kurudisha mwanga, ile ile inayobandikwa kwenye malori, kila velo iliyolipa ingekuwa na alama ya nyuma ambayo Mkataba wa Vienna unaomba tangu 1968, bila piles na bila kununua kitu kingine. Gharama ya karatasi hiyo kwa kila velo ni ndogo mbele ya kodi yenyewe. Miungano ya toleka na ya wabeba mizigo inaweza kuuliza swali hilo kwa burgmestre kabla ya plaque za mwaka ujao kukatwa.