Jalada la Santuri si Pambo Tupu

Wako wasemao kwamba wimbo ni mali ya sikio, na kuwa jalada la santuri ni karatasi ya mchuuzi tu, ya kutupwa bidhaa ikishanunuliwa. Hoja hii hupendeza kwa wepesi wake, lakini haina miguu ya kusimamia.

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice. Santuri za zama zile kwa kawaida zilitiwa katika bahasha zilizotobolewa katikati, na kilichoonekana tunduni ni kibandiko cha kampuni, chenye mbwa asikilizaye kinanda. Sauti ilikuwa ya Unguja, sura ilikuwa ya kampuni. Yapata mwaka 1940 ndipo Alex Steinweiss, msanii wa kampuni ya Columbia huko Marekani, alipoanza kuyachora majalada, na mnunuzi akapata kuujua wimbo kwa macho kabla ya kuusikia.

Watajibu kwamba zama hizo zimepita. Ni kweli: kijana wa Mabawe, wilayani Ngara, huweza kuzipata nyimbo katika simu, na jalada lililokuwa na upana wa sentimita 30 limekuwa dogo kama kibiriti. Lakini udogo huo ndio uzidishao haja ya mchoro mwema, maana jicho hupewa muda mfupi tu wa kuchagua. Mchapishaji mvivu hubandika jua linalozama, mbuyu na twiga, hata kama wimbo ni wa milima ya migomba. Huko ni kumdanganya msikilizaji, na ni kumdhulumu mwimbaji kwa kumvua kwao.

Wala hapana udhuru wa uhaba wa sanaa. Ng'ambo ya mto Kagera, katika nchi ya kale ya Gisaka, hutengenezwa imigongo kwa samadi ya ng'ombe: nakshi za pembe na mistari, nyeusi, nyeupe na nyekundu, zisizopotea hata zikipunguzwa. Haisemwi kwamba Ngara iazime nakshi za jirani. Huo ungekuwa uongo mwingine. Jirani ameonyesha tu kwamba mstari waweza kulitaja pahali. Mchoraji wa Mabawe na atazame ngoma na vikapu vya kwao, kisha jina lake liandikwe kando ya jina la mwimbaji.