Kabla hujatuma pesa za hisa za almasi, soma yaliyotokea Mrima

Kama uko Nakuru na uko kwenye kundi lolote la WhatsApp la "uwekezaji", ujumbe wa aina hii unaujua: kuna kampuni ndogo inatafuta almasi mahali fulani Afrika, hisa zake bado ni za senti, nunua sasa kabla bei haijaruka. Na kwa vile simu yako siku hizi inaweza kununua hisa za Canada au Australia kabla chai haijapoa, mkono unawasha. Ngoja kidogo.

Kwanza jua unachouziwa. Kampuni changa ya utafutaji haina mgodi. Haina kitu cha kuuza ila hisa zake. Pesa yako ndiyo inalipa mitambo ya kutoboa mwamba, wanajiolojia na ofisi. Ikiisha, kampuni inatoa hisa nyingine na kipande chako kinakonda. Ndiyo maana habari tamu haziishi kutoka kwao.

Sisi wa Nakuru tunafaa kuelewa hili haraka. Ukichimba kisima huku kwetu, kupata maji si mwisho wa kazi. Floraidi ikizidi, maji hayo hayo yataharibu meno ya watoto. Almasi ni vivyo hivyo. Miamba inayoweza kubeba almasi imepatikana kwa maelfu duniani, lakini iliyolipa gharama ya mgodi ni michache mno.

Wauzaji wa ndoto watakutajia Mwadui, Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Ni kweli, ule ulilipa. Lakini hawatakuambia kwamba Januari 2025 Petra Diamonds ilikubali kuuza sehemu yake ya mgodi huo kwa dola zisizozidi milioni 16. Almasi za maabara zimeibana bei sokoni. Kama mgodi wenye jina hivyo unauzwa kwa bei hiyo, shimo ambalo halijachimbwa ni la pesa ngapi?

Sasa turudi nyumbani. Machi 2013, siku chache baada ya uchaguzi mkuu, kampuni ya Cortec ilipata leseni ya miaka 21 ya kuchimba Mlima Mrima, Kwale. Asilimia 70 ya Cortec ilikuwa ya Pacific Wildcat, kampuni ndogo iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa Canada. Mwaka huo huo ikatangazwa kwamba mlima una madini adimu ya dola bilioni 62.4. Hebu fikiria aliyekuwa na hisa siku hiyo!

Agosti, Waziri Najib Balala akafuta leseni. Cortec ikaishtaki Kenya ikidai zaidi ya dola bilioni 2. Oktoba 2018 jopo la ICSID likaitupa kesi: leseni haikuwa halali, kwa sababu sheria ya mazingira haikufuatwa kwenye mlima ambao ni msitu uliohifadhiwa na kaya ya Wadigo. Mwaka 2021 jaribio la kubatilisha uamuzi huo nalo likagonga mwamba.

Ona basi: madini hayakuhama. Yako pale pale, na mwaka 2025 RareX na Iluka za Australia zikatangaza kuungana kuutafuta mradi huo huo. Mlima ulibaki na utajiri wake, mwenye hisa akabaki na karatasi.

Sisemi usiwekeze. Bila watu wa kubeba hatari ya mwanzo, hakuna mgodi ungezaliwa popote. Lakini uliza maswali matatu. Kampuni ina pesa za kuisukuma miezi mingapi? Leseni yake ni ya kutafuta au ya kuchimba, na idhini ya mazingira iko? Na wewe ukinunua, nani anauza, na mbona anatoka?

Aliyekutumia ujumbe akishindwa kujibu hata moja, anatafuta mtu wa kumwachia mzigo. Mimi niliacha chuo kwa kukosa karo, najua uzito wa elfu kumi. Ya kodi ya nyumba isiguse hisa hizi. Ya kucheza, ambayo ikipotea utalala usingizi, hiyo ni juu yako.