Tafakari ya Juma: Mgonjwa Asifiche Ganzi, Wala Majani



Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo wapo ndugu waliotibiwa saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza. Tunamshukuru Mungu kwa kuwarudisha nyumbani. Lakini baadhi yao hurudi na msalaba usioonekana kwa macho: vidole vimekufa ganzi, nyayo zinawaka na kuchoma kama sindano. Mama hawezi kufunga vifungo vya mwanawe. Baba anashika jembe asilihisi. Bibi anapotewa na punje za rozari. Hiyo si laana wala uchawi. Baadhi ya dawa za saratani, kama vinkristini, paklitakseli na sisplatini, hujeruhi pia mishipa ya fahamu.

Hapo ndipo majirani wenye huruma huja na tiba zao. Mmoja huleta majani ya mlonge, mwingine manjano, mwingine husifu zabibu zetu za Dodoma. Hatuwacheki. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kwamba dawa zitokazo ardhini ni kazi ya Mungu. Vinkristini yenyewe hutokana na ua dogo lenye asili ya Madagaska, lile jeupe au la waridi lipandwalo mbele ya nyumba nyingi. Paklitakseli nayo ilipatikana kwanza katika gome la mti wa Marekani. Tuone basi: mmea unaotibu waweza pia kujeruhi. Kitu kutoka shambani si lazima kiwe salama.

Wataalamu nao wanaichunguza mimea. Kurkumini iliyomo katika manjano, na resveratroli iliyomo katika ganda la zabibu, zimeonekana kupunguza madhara ya dawa hizo katika mishipa ya fahamu ya panya. Ni tumaini jema, ila panya si binadamu. Huko Japani, mchanganyiko wa dawa za asili uitwao goshajinkigan ulijaribiwa kwa wagonjwa waliokuwa wakipewa oksaliplatini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalihuzunisha: jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa waliotumia mchanganyiko huo waliumia mishipa ya fahamu zaidi ya wale waliopewa dawa bandia. Nao mwongozo wa mwaka 2020 wa chama cha madaktari wa saratani cha Marekani haukupendekeza dawa wala kirutubisho chochote cha kuzuia madhara hayo.

Kwa maoni yetu, hatari kubwa zaidi ni usiri. Mgonjwa anayekunywa majani kwa kificho humfunga daktari macho. Dawa nyingi za saratani huvunjwavunjwa na ini, na ipo mimea inayoharakisha au kuchelewesha kazi hiyo, hata dawa ikapungua nguvu au ikazidi mwilini. Tena, anayeamini kwamba majani yanamlinda huweza kunyamazia ganzi inapoanza. Kumbe daktari akiambiwa mapema anaweza kupunguza kipimo, kuahirisha dripu au kubadili dawa. Hiyo ndiyo kinga iliyopo leo, nayo huanza na mgonjwa kusema ukweli.

Kwa hiyo tunawasihi viongozi wa Jumuiya na akina mama wa WAWATA: mnapomtembelea mgonjwa, msimshawishi aache kliniki. Mwulizeni habari za vidole na nyayo zake. Mtazameni miguu, asije akawa na kidonda asichokihisi. Mchoteeni maji, mlimieni shamba kabla mvua hazijaanza, mchangieni nauli ya kurudi hospitalini. Na kama ana majani, ayatie mfukoni aende nayo, amwonyeshe daktari. Nanyi wauguzi na waganga mlio miongoni mwetu, mpokeeni bila kumkemea, maana aliyekemewa mara moja hataonyesha tena.

Tumwombe Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee ndugu zetu hawa kwa Mwanae. Tunawatakia nyote Dominika njema.