Kamba Haiponyi Mtu

Leo twataka kusema neno ambalo halitapendeza masikio ya wengi. Twalisema kwa sababu tumenyamaza muda mrefu, na katika kunyamaza kwetu tumezika vijana.

Ninyi mkaao Butembo na Beni mwakijua kidonge tunachotaka kukitaja. Jina lake ni tramadoli. Daktari humpa mtu aliyevunjika mguu au aliyepasuliwa tumbo, ili maumivu yapungue. Hiyo ni kazi njema. Lakini siku hizi mwendesha pikipiki anakimeza ili asisikie uchovu, msukuma chukudu ili asisikie uzito wa mzigo, mchimba dhahabu ili asiliogope shimo. Na wako waliokimbia mauaji ya vijiji vya Beni, yaliyoanza Oktoba 2014. Hao wanakimeza ili wasahau yale waliyoyaona. Kidonge kinauzwa kimoja kimoja, bila karatasi ya daktari, kama vile watu wauzavyo karanga.

Tramadoli ni ndugu wa afyuni, wa morfini na wa heroini. Mwili ukiisha kuizoea, hauwezi tena kukaa bila hiyo. Siku kijana anapoiacha ghafula, jasho linamtoka, tumbo linakata, anaharisha, mifupa inauma, usingizi unapotea, moyo unafadhaika. Akimeza nyingi, aweza kushikwa na degedege, au pumzi kukatika. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Asiyepata kushikwa na ugonjwa huu asiseme kwa haraka kwamba ni uvivu tu.

Basi, sisi tunafanya nini na kijana huyo? Baba mmoja anampiga viboko. Mwingine anampeleka katika nyumba ya maombi, naye anafungwa kamba siku nyingi bila chakula, watu wakisema ni pepo. Mwingine anampeleka gerezani. Baada ya majuma machache kijana anarudi amekonda, ametulia, na jamaa wanashangilia: “Amepona!” Kumbe hakupona. Mwili wake umesahau kuvumilia vidonge, lakini tamaa haikusahau. Akirudia kipimo chake cha zamani, kipimo hicho chaweza kumwua. Waganga wa dunia nzima wanajua kwamba majuma ya kwanza baada ya kuachishwa hivyo ni ya hatari kuu. Kwa hiyo kamba ile haikumwokoa, ila ilimtayarishia kifo.

Lakini njia nyingine iko. Aliyezoea tramadoli, mganga aweza kumpunguzia kidogo kidogo, siku kwa siku, akimpa na dawa za kutuliza tumbo na usingizi. Na yule ambaye ugonjwa umemshika sana, hasa mwenye kutumia heroini, ziko dawa mbili, methadoni na buprenofini. Shirika la Afya Duniani liliziandika katika orodha ya dawa za lazima tangu mwaka 2005. Mgonjwa anakunywa methadoni mara moja kwa siku, mbele ya mwuguzi. Kipimo kikiwa sawa hailevyi. Inazuia maumivu na tamaa kwa siku nzima, naye anakwenda kazini kama watu wengine. Iko pia naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi mtu aliyezidisha.

Je, mambo haya ni ya Ulaya tu? La hasha. Tanzania ilianza kutoa methadoni katika hospitali ya Muhimbili mwezi wa Februari 2011. Unguja ilifuata mwaka 2015, katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Kenya ilianza Mathari, mjini Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi. Uganda ilianza katika hospitali ya Butabika, Kampala, mwaka 2020. Wafanyabiashara wetu wanaijua vema njia ya Kasindi iendayo Kampala. Wanaleta nguo, wanaleta pikipiki. Mbona hatujaomba kwa sauti kwamba na elimu hii ipite njia hiyo?

Twajua watu watakavyotujibu.

Wa kwanza atasema: “Mnatoa ulevi kwa ulevi.” Twamjibu: mlevi ni yule anayetawaliwa na kidonge, anayeiba kwa ajili yake, asiyejua atalala wapi. Anayekunywa dawa kwa kipimo cha daktari, akalisha watoto wake, huyo ni mgonjwa anayetibiwa, kama mwenye ugonjwa wa sukari. Ni kweli kwamba methadoni ikiachwa ovyo mikononi mwa watu huua. Kwa sababu hiyo hasa inatolewa na mwuguzi, wala si dukani. Na wale wanaoitumia hivyo, hatari yao ya kufa inapungua karibu nusu au zaidi. Nani atathubutu kuiita hiyo dhambi?

Wa pili atasema: “Hiyo ni biashara ya wageni.” Ndugu, maneno hayo tumekwisha kuyasikia! Ebola ilipotangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, tulisema ni biashara. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa moto. Ugonjwa ulipokwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Lakini katika miji hiyohiyo, yaani Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ndiko dunia ilikojifunza ni dawa zipi zishindazo Ebola, na moja ya hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Wa tatu, naye ni Mkristu mwema anayesali kila siku, atasema: “Angekuwa na imani, angeacha.” Huyo twampa habari za Mtakatifu Marko Ji Tianxiang wa China. Alikuwa mganga aliyetibu maskini bure. Alipougua tumbo alitumia afyuni, ikamshika. Padre alimnyima masakramenti mpaka aache, naye hakuweza kuacha. Miaka kama 30 alikwenda kanisani bila kupokea Komunyo, akiomba walau apate kufa shahidi. Tarehe 7 Julai 1900 aliuawa pamoja na jamaa zake kwa ajili ya imani. Aliomba auawe wa mwisho, ili asiwepo wa nyumba yake atakayekufa peke yake. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Nani atasema mtu huyo alikosa imani? Alikosa dawa. Siku zake haikuwako. Siku zetu iko.

Basi twaomba mambo manne. Wenye maduka ya dawa waache kuuza tramadoli bila karatasi. Faida hiyo ni ya damu. Wakubwa wa afya walete matibabu haya katika hospitali za Butembo na Beni, wakafundishe wauguzi. Wanaoongoza nyumba za maombi wafungue kamba: waombee mgonjwa, lakini wampeleke hospitalini siku ileile. Na mashirika yetu ya parokia yamtembelee, yamtafutie kazi, yamsikilize, kwa kuwa dawa peke yake haiondoi upweke wala kumbukumbu za vita.

Msamaria Mwema hakumwuliza yule mtu wa barabarani kwa nini alipita njia ile. Alifunga vidonda, akamlipia nyumba ya wageni, akaahidi kurudi. Nasi, enyi wazazi na mapadri na makatekista, kijana akibisha hodi usiku akitetemeka, tusitafute kamba. Tumpeleke kwa mganga.