Mchezo Uliotolewa Uchafu, na Mambo Mawili Yaliyobaki

Mwezi wa Julai 2025 palizuka mzozo mkubwa katika biashara ya michezo ya kompyuta. Kampuni zinazopitisha malipo ya kadi ziliyabana maduka mawili yauzayo michezo hiyo kwa intaneti, Steam na itch.io, kwa sababu ya michezo yenye uasherati. Steam ikaondoa baadhi yake, na itch.io ikaificha yote ya watu wazima isionekane mtu akitafuta. Shinikizo lilianzia Australia, kwa wanaharakati waitwao Collective Shout. Wako waliopiga vigelegele, na wako waliolia kwamba uhuru umekwenda.

Ndugu msomaji, huenda ukasema ugomvi huo ni wa watu wengine. Lakini vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wana simu mikononi, na yauzwayo huko huwafikia huku. Katika mabaraza yetu mzee husema michezo yote ni haramu, na kijana husema ni burudani tu. Mimi naona kauli zote mbili ni za watu wasiotaka kupima. Kwa hiyo nimeuchukua mchezo mmoja mashuhuri ili tuutie mizanini, nao ni Fate/stay night wa Japani.

Huu ni wa aina ambayo twaweza kuiita riwaya ya picha. Mtu husoma maandishi juu ya michoro, muziki ukipigwa, na kila baada ya kitambo huulizwa achague njia. Uliuzwa na Type-Moon tarehe 30 Januari 2004. Mwandishi wake ni Kinoko Nasu, na mchoraji ni Takashi Takeuchi. Hao walianza na kikundi kidogo, wakauza mchezo wao wa kwanza wenye jina kubwa, Tsukihime, mwezi wa Desemba 2000, katika soko la Tokyo la watu wanaojichapishia kazi zao. Fate ilipotoka ilikuwa ya watu wazima, yaani ilikuwa na picha za faragha ambazo hazitajiki mbele ya wakwe.

Sasa tazama lililofuata. Mwaka 2007 mchezo ulitolewa upya kwa mashine ya PlayStation 2, picha zile zimeondolewa na sauti za waigizaji zimetiwa. Mwezi wa Agosti 2024 nakala hiyo safi ikatengenezwa tena na kuuzwa kwa Kiingereza. Hiyo ndiyo niliyoisoma mimi. Katika ile ya zamani, tendo la faragha lilipewa kisingizio kwamba ndilo linalohamisha nguvu za uganga kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Katika nakala mpya pakatungwa njia nyingine ya kuzihamisha, na hadithi haikutikisika hata kidogo. Nguzo ikiondolewa nyumba huanguka. Hii haikuanguka, kwa hivyo haikuwa nguzo. Wanaodai kwamba sanaa hufa ikisafishwa wana jibu lao hapa.

Kisa chenyewe ni kizuri, na haki yake apewe mwandishi. Waganga saba wanapigania kikombe cha kutimiza matakwa, kila mmoja akimwita shujaa wa kale ampiganie: Herakles wa Wayunani, Cú Chulainn wa Ireland, na wengineo. Kijana Shirou Emiya aliokolewa utotoni katika moto uliowaua watu wengi, na tangu hapo anataka kuwaokoa wote. Mchezo una njia tatu, na kila njia inaupima moyo wake kwa namna yake. Katika ya tatu anatakiwa achague: amwache binti mmoja aliyeteswa tangu utotoni, au ahatarishe mji mzima kwa ajili yake. Ukichagua vibaya unakufa, na miisho ya namna hiyo ni kama 40. Baada ya kila kifo mwalimu mcheshi hutokea akakueleza ulipokosea. Twawahubiria vijana kila siku kwamba kila tendo lina matokeo yake. Huku kijana huyaona matokeo hayo kwa macho.

Kasoro pia zipo. Maelezo ya uganga yanarudiwa mpaka yachoshe, na mapishi ya chakula cha jioni yana kurasa zake. Saber ni mfalme Arthur aliyefanywa mwanamke, hodari kupita wote, lakini Shirou hachoki kumwambia kwamba msichana hafai kupigana. Na mateso ya yule binti, ingawa hayaonyeshwi waziwazi, yanatosha kuufanya mchezo huu usiwe wa watoto, hata baada ya kusafishwa.

Lakini mawili ndiyo yaliyonishughulisha. La kwanza ni majina. Mmoja wa mashujaa hao anaitwa Hassan-i Sabbah. Jina hilo ni la mtu wa tarikhi: aliitwaa ngome ya Alamut huko Uajemi mwaka 1090, akafariki 1124, akiwaongoza Waismailia wa Kinizari, ambao tunaishi nao hapa Mombasa. Alikuwa mtu wa elimu, na maktaba ya Alamut ilisifika mpaka Wamongoli walipoiteka ngome mwaka 1256. Katika mchezo mwenye jina hilo ni muuaji mwenye kinyago cha fuvu, na mkono wake mmoja ni wa Shetani. Silaha yake imeitwa Zabaniya! Hilo ni jina la malaika wa adhabu waliotajwa katika Suratul Alaq. Sidhani mwandishi alikusudia matusi, kwani Waingereza nao wamegeuziwa mfalme wao. Lakini mtoto wa Kiingereza ana vitabu chungu nzima vya kumweleza habari za Arthur. Je, mtoto wetu amkutaye Hassan kwa mara ya kwanza mchezoni, nani atamsahihishia?

La pili ni fedha. Mwaka 2015 ulitoka mchezo wa simu katika ukoo huo huo, Fate/Grand Order. Humo hamna picha za faragha zile, na mzazi akitupa jicho huenda asione la kumshtua. Lakini mashujaa hupatikana kwa bahati nasibu iitwayo gacha: unanunua mawe kwa fedha halisi, unavuta, na nafasi ya kupata shujaa wa nyota tano ni asilimia 1. Fanya hesabu. Watu 100 wakivuta kila mmoja mara 100, wapatao 37 wataondoka bila ya hata mmoja wa daraja hilo. Serikali ya Japani yenyewe ilipiga vita aina moja ya gacha mwaka 2012, na Ubelgiji mwaka 2018 ikaamua kwamba masanduku ya bahati katika baadhi ya michezo ni kamari. Sisi ambao maysir tumekatazwa kwa aya iliyo wazi, twangoja nini?

Hapo ndipo penye upungufu wa mjadala wote wa 2025. Macho yameelekezwa kwenye uchi peke yake, ilhali huo ndio uliokuwa mwepesi kuondoa. Mzee anayeuliza tu kama mchezo una picha mbaya ataupitisha ule wa kamari, na huenda akampokonya kijana ule uliomfundisha kufikiri. Kwa rai yangu mzazi akae na mwanawe, amuulize mambo matatu: mchezo huu unakuonyesha nini, unayataja majina ya nani, na umekula shilingi ngapi mwezi huu. La tatu asiridhike na jibu la mdomo. Aombe kuiona simu.